Shina la Kina Cangemi

Ukishuka kwenye treni ya Tunis pale Halk el-Wadi ukaita "Cangemi" kwa sauti, nusu ya mtaa wa Wasisilia itageuka, na nusu iliyobaki itakuuliza unamtaka Cangemi yupi. Jina la kwanza halikusaidii kitu, maana mtoto wa kwanza wa kiume lazima apewe jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo kina Vito na kina Gaspare wanarithishana majina kama koti la harusi. Ndiyo sababu mtaa ule unaishi kwa lakabu. Mwenye bucha anaitwa Nusu-Sikio, na nusu ya pili aliondoka nayo fahali mmoja mwenye hasira. Fundi viatu anaitwa Askofu, kwa sababu siku moja, akiwa amelewa, alimbariki kondoo dume mbele ya kanisa na yule kondoo akapiga magoti. Wote wawili ni Cangemi, na wote wawili utawakuta asubuhi kwenye benchi la mawe nje ya mkahawa wa Ami Hamadi, wakinywa kahawa iliyotiwa maji ya maua ya mchungwa na kubishana mpaka jua liwafukuze.

Mzee Nunzio, mwashi aliyestaafu, ndiye mwenye upande wa kivuli. Ukuta ulio nyuma ya benchi aliupiga lipu mwenyewe enzi za ujana wake, na huuegemea kama mtu aliye kwao. Naye ni Cangemi. Ila katika Cangemi wote wa mtaa ule, yeye peke yake hana lakabu. Watu humwita Nunzio, au Mzee Nunzio, basi. Hiyo ilikuwa fahari ya maisha yake, na maelezo alikuwa nayo tayari: lakabu ni alama ya kutofautisha matawi, na yeye si tawi, yeye ni shina. Hakuna aliyewahi kumbishia, na hilo nalo alilihesabu kuwa ushahidi.

Asubuhi hiyo alifika amejinyoa mpaka kidevu kinang'aa, na kichwani amevaa kofia ya Jumapili. Akakaa, akaivua, akaiweka kando yake juu ya benchi kwa uangalifu mkubwa.

— Leo Jumanne, — Nusu-Sikio akasema, macho kwenye kofia. — Nani kafa?

— Hajafa mtu.

— Basi unaoa.

— Nusu-Sikio, kunywa kahawa yako.

— Mwache, — Askofu akasema. — Anamsubiri yule binti.

Mtaa mzima ulishajua. Padri alitangaza baada ya misa kwamba kuna binti kutoka Argentina amefikia kwa masista, jina la ukoo Cangemi, anawatafuta jamaa za babu yake, naye padri amemwelekeza aje benchini, kwa kuwa ndiko Cangemi wote wasio na kazi wanakopatikana. Babu wa binti huyo aliitwa Gaspare.

Nunzio alikuwa na kaka aliyeitwa Gaspare. Alipanda meli akaenda Argentina wakati Nunzio bado anajifunza kuchanganya chokaa, na walikuwa wamenuniana kwa jambo la kijinga, hata kuagana hawakuagana. Baharia mmoja alileta salamu mwaka wa kwanza, kisha kimya. Sasa Nunzio ameshamzika mke wake, mtoto hakujaliwa, na kila jioni anafunga madirisha ya nyumba nzima ili ale chakula kwenye kona moja ya meza. Alimtaka binti huyu awe wa kwao mpaka kifua kilimuuma. Maneno kama hayo hayasemeki benchini, kwa hiyo alisema tu:

— Gaspare huyo ni kaka yangu. Sina shaka.

— Gaspare gani? — Nusu-Sikio akauliza. — Ami yangu Gaspare naye alikwenda Argentina. Halafu kuna Gaspare wa kwa Askofu, yule mwenye makengeza.

— Huyo alikwenda Brazili, — Askofu akasema.

— Alikuwa anakwenda Argentina. Ni yale makengeza tu.

Nunzio akapiga goti lake kofi.

— Sikilizeni. Ukoo huu una shina moja. Babu yangu alivuka kutoka Trapani na mwiko wa kupigia lipu mkononi. Nyinyi wengine mlifuata nyuma.

— Tulifuata nini, harufu ya chokaa?

Askofu akakohoa kile kikohozi chake cha mimbarini, na hapo kila mtu akajua kwamba asubuhi imeanza rasmi.

— Shina haliko hapa wala Trapani, — akasema. — Cangemi wa kwanza alikuwa mpishi wa meli. Kila bandari aliposhuka kununua vitunguu, aliacha mtoto. Marseille, vitunguu, mtoto. New Orleans, vitunguu, mtoto. Buenos Aires…

— Buenos Aires alikaa sana, — Nusu-Sikio akadakia. — Alikuwa anapika supu.

— Na hapa Halk el-Wadi mbona tumejaa hivi? — Nunzio akauliza.

— Hapa meli iliharibika.

Nunzio akajaribu kulichukulia jambo hilo kwa uzito, maana siku hiyo kila kitu kilikuwa na uzito.

— Sasa kwa hesabu yako, binti huyu atakuwa nani kwangu?

— Kitunguu mwenzio, — Ami Hamadi akajibu kutoka ndani, hajaacha kuosha vikombe.

— Mpishi hayupo, — Nusu-Sikio akasema. — Jina lilikwenda Argentina peke yake.

— Jina linakwendaje peke yake?

— Kwa sanduku. Ami yangu Gaspare alipofika bandarini kule aliuza sanduku lake. Ubavuni limeandikwa Cangemi kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama mlango. Aliyelinunua alikuwa Mpolandi. Akaona kukwangua rangi ni kazi, akabadilisha jina lake. Leo kule kuna kijiji kizima cha kina Cangemi wenye nywele kama majani makavu, na tambi wanakula na sukari.

— Acha kutupiga kamba.

— Ningetaka kuwapiga kamba ningesema mji. Nimesema kijiji.

Ulikuwa upuuzi mtupu, na Nunzio aliujua kuwa upuuzi. Lakini mtu mwenye hamu kubwa huogopa hata upuuzi. Akaanza kujiuliza kimoyomoyo nywele za binti huyo ni za rangi gani.

Hapo ndipo alipopita muuza mafuta ya taa na punda wake, kengele shingoni, madebe yakigongana. Mazungumzo yakakatika kama taa iliyozimwa. Nusu-Sikio akainama kutazama kamba za viatu, Askofu akauliza kama kuna mtu anadhani itanyesha, mwezi wa nane huo, jua linachoma mpaka mawe. Nunzio alishazoea. Tangu utoto wake kila akipita punda watu wa mtaa ule hunyamaza wakiwa naye, na yeye aliichukua kuwa ni desturi ya mahali, tena desturi nzuri, maana yeye mwenyewe aliwapenda sana punda.

— Nyinyi mnacheka habari za shina, — akasema punda alipokwisha kupita. — Shina huonekana kwenye msiba. Mimi nilikuwa mdogo, lakini siku tulipofiwa na Carmela mtaa mzima ulikuja kwetu. Siku tatu jiko la mama halikuwashwa. Tambi zililetwa, mayai, samaki, mikate ya moto, na wanawake wanalia kwa sauti mpaka bandarini wanasikia. Kwa Cangemi gani mwingine watu wamewahi kuja namna ile?

Nusu-Sikio alipaliwa na kahawa. Askofu akampiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

— Hakuna kwingine, — Askofu akasema hatimaye, akitazama pembeni. — Kwa kweli, hakuna kwingine kabisa.

— Basi.

Ami Hamadi akatoka na birika, akawajazia vikombe kwa haraka, kama mtu anayetaka mazungumzo yahamie kwingine.

— Mmemaliza? — akasema. — Maana jina lenyewe mnalogombania ni letu. Hajjam, kwa Kiarabu. Mpiga chuku. Wazee wetu walivuka kwenda Sisilia zamani hizo, wakakaa karne na karne, wanawanyoa watu na kuwaumika migongo kwa pembe. Wao wakaondoka, jina likabaki, nanyi mkalitafuna midomoni mpaka likawa Cangemi. Nina binamu yangu Hajjam sokoni, ananyoa mpaka leo. Hamkuja ugenini nyinyi. Mmerudi, tena bila vifaa.



— Sisi ni wapiga chuku? — Askofu akauliza, ameumia kweli.

— Nawasikiliza hapa kila asubuhi ya Mungu. Kazi ya ukoo hamjaiacha hata siku moja.

Nusu-Sikio alicheka mpaka akashika ubavu. Askofu hakucheka. Macho yake yalikuwa yamekwenda mbali, na aliporudi alikuwa amerudi na Amerika nzima.

— Ngojeni. Sasa nimeelewa. Meli ya kwanza kabisa kwenda Amerika lazima ilikuwa na mpiga chuku. Mabaharia wale, miezi na miezi baharini, damu zimechafuka.

— Si alikuwa mpishi?

— Mchana mpishi, jioni mpiga chuku. Meli ndogo. Akashuka pwani, akawaumika wenyeji migongo, wakapata nafuu, wakampa mke na shamba. Meli zilizofuata zilipofika zilimkuta Cangemi ametulia bandarini kwenye kiti, anawauliza mmechelewa wapi.

— Kwa hiyo Amerika yote ni ya kwetu, — Nusu-Sikio akasema.

— Sijasema yote. Kanada kuna baridi.

Nunzio hakuwa anasikiliza tena. Kwenye kona ya mtaa, upande wa kanisani, alikuwa ametokea msichana mwenye gauni la safari na viatu vya vumbi, anasoma vibao vya milango na kutikisa kichwa. Nywele zake zilikuwa nyeusi. Nunzio akamshukuru Bikira Maria kwa ajili ya nywele zile, akajiona mjinga, akamshukuru tena.

Msichana akaja moja kwa moja benchini.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti.

Kisisilia chake kilikuwa cha kizamani, chenye maneno ambayo Nunzio hakuyasikia tangu alipomzika mama yake, isipokuwa aliyavuta kidogo mwishoni, kwa lafudhi ya kwao Argentina.

— Padri ameniambia kina Cangemi wote wako hapa.

— Sio wote, — Askofu akasema. — Wengine wametangulia Amerika.

— Namtafuta mdogo wa babu yangu Gaspare. Babu amefariki, mwaka jana, wakati wa baridi.

Nunzio akafumba macho. Hata kabla hajajua kama marehemu ni wake, alikuwa amekwisha kumlilia. Alipofungua kinywa kuuliza, msichana alikuwa bado anaendelea.

— Aliniambia nikifika Halk el-Wadi nisihangaike na majina, hayatanifikisha popote, kina Gaspare ni wengi na kina Cangemi ni wengi zaidi. Alisema niulize kitu kimoja tu. Nyumba ya Wafiwa wa Punda iko wapi?



Moyo wa Nunzio ukashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Wafiwa wa Punda. Lakabu. Na yeye hana lakabu, maisha yake yote hakuwa nayo, na kila mtu pale anajua hivyo. Kwa hiyo binti si wake. Ni wa Cangemi mwingine, mwenye bahati, ambaye pengine muda huu amelala na hajui. Ilimuuma sana. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na mtoto wa watu alikuwa amesimama juani.

— Wafiwa wa Punda, — akasema. — Mbona mimi siwajui? Nusu-Sikio, ni kwenu?

— Kwetu? Hapana. Hapana, kwetu sisi sio.

Nusu-Sikio alikuwa anajikuna sikio, upande ambao sikio halipo.

— Askofu?

Askofu alitazama mbingu, kama mtu aliyeahidiwa mvua.

— Hamadi, wewe unaijua kila nyumba ya mtaa huu.

Ami Hamadi alikuwa amewageuzia mgongo, anapuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri sana.

— Jamani, mtoto kavuka bahari nzima, — Nunzio akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na hasira. — Kauliza nyumba tu. Hajauliza asili ya dunia. Tangu asubuhi mnajua mpaka Amerika ilivyoanza, sasa mlango mmoja wa mtaa wenu umewashinda?

— Labda wamesahau, — msichana akasema kwa upole. — Ni habari ya zamani. Babu alisema baba yake alifiwa na punda aliyempenda kupita kiasi. Akafunga madirisha yote, akavaa nguo nyeusi, akakaa sebuleni analia. Majirani wakasikia kilio, wakaona madirisha, wakadhani amekufa mtu. Si unajua kwenye nyumba ya msiba hakupikwi, majirani ndio wanaleta chakula. Wakaleta siku tatu. Siku ya tatu wakauliza mazishi ni lini, akawapeleka nyuma ya nyumba, akawaonyesha.

Nunzio alisikia mgongo wake ukigusa ukuta.

Aliyakumbuka madirisha. Alikumbuka kukaa chini ya meza na sahani ya tambi, akiwahesabia wema wageni wanaoingia, na kuona jinsi dunia ilivyojaa watu wazuri. Yeye alikuwa akimpanda yule punda kila asubuhi. Haikuwahi kumpitikia kwamba wale waliokuja kulia hawakujua wanamlilia nani.

— Huyo marehemu, — akauliza taratibu. — Babu yako alikwambia jina lake?

— Carmela, — msichana akasema. — Ndilo jina langu. Bibi aliambiwa ni jina la marehemu wa familia, basi akaliheshimu sana. Ukweli tumeujua juzijuzi tu.

Nusu-Sikio akageuka ukutani, mabega yanamtetemeka, na ilikuwa vigumu kujua kama anacheka au analia.

Nunzio akawatazama mmoja mmoja.

— Mlikuwa mnajua.

— Mama yangu ndiye aliyeleta mayai, — Nusu-Sikio akauambia ukuta.

— Bibi yangu alizimia, — Askofu akasema. — Alilia mpaka akazimia, Nunzio. Halafu anapepewa, anaamka, anaambiwa ni punda. Ulitaka wafanye nini? Mlikuwa bado mmevaa nyeusi. Aliyefiwa hachekwi usoni. Tukasema yapite kwanza, tutamwambia. Hayajapita.

— Na habari ya shina?

— Hiyo ulianza mwenyewe, — Askofu akasema, sauti imeshuka. — Tukaona ni bora kuliko ukweli, tukakuachia.

 Aibu ilimjaa Nunzio mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi.

— Nimewapenda watu wa mtaa huu maisha yangu yote, — akasema, — kwa ajili ya siku zile tatu.

Nusu-Sikio akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

— Usiache basi, — akasema. — Tambi zilikuwa za kweli.

Msichana alikuwa anamwangalia mmoja, anamwangalia mwingine, na taratibu akaacha kuangalia wengine wote isipokuwa mzee yule wa upande wa kivuli.

— Babu aliijua habari hii melini, — akamwambia. — Watu wa mtaa mmoja, wakishakuwa mbali na nyumbani, waliona hakuna sababu ya kumficha tena. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasikitika, kwa sababu aliyestahili kucheka naye alikuwa amemwacha nyuma, na hawakuagana. Alipofungua duka la mikate alichora punda juu ya mlango. Buenos Aires yote wanatujua kwa hilo, hakuna anayetuita Cangemi. Alisema nikimpata mdogo wake nimwambie hivyo.

— Umeshamwambia, — Nunzio akasema.

Akainuka kwa kushikilia ukuta. Alitaka kumwambia kwamba Gaspare alikuwa na mguu mwepesi wa kukimbia na mkono mzito wa kuandika, kwamba ugomvi wao ulihusu nani kati yao alimpeleka Carmela kunywa maji mara ya mwisho, kwamba madirisha yatafunguliwa sasa hivi yote. Hakuweza. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya benchi zima na wala hakuyafuta.

— Twende nyumbani, Carmela, — akasema, na ilikuwa zamani mno tangu aliposema maneno hayo.

Msichana akamshika mkono. Wakaondoka wakipita jua kali la katikati ya barabara, mzee kichwa wazi, akiongea kwa vidole kabla hajapata sauti. Ami Hamadi alikuwa ametoka na kikombe cha kumkaribisha mgeni, na hicho kilikuwa cha mwisho birikani. Akasimama nacho mlangoni, hajui ampe nani.

Nusu-Sikio ndiye aliyeiona kofia. Ilikuwa imebaki benchini, pale pale kwenye kivuli.

— Mwite, — akasema.

— Mwite wewe.

— Wewe ndiye Askofu.

Askofu akaichukua ile kofia, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwapo.  Kisha akavuta pumzi ya miaka yote ile.

— Ewe Mfiwa wa Punda, — akaita. — Umesahau kofia yako.

 Na Nunzio, ambaye jina hilo alikuwa hajawahi kuitwa, akageuka.